Gari haiwaki na mashine inaleta kodi za U tupu? Pima waya mbili kwanza kabla hujanunua kontroli boksi

Kuna gari ndogo ya Kijapani ililetwa gereji ikivutwa kwa kamba. Mwenye gari ni mama mtu mzima na uso unaonyesha kabisa kachoka, nikampa shikamoo nikamtafutia kiti, hata hajakaa vizuri akaanza, "Mwanangu, hii kontroli boksi ya pili nanunua na gari bado haijawaka, kama haiponi niambie tu nikaiuze skrepa." Nikamuuliza fundi wa kwanza alipima nini. Akasema alipima waya za mtandao wa gari, zile maboksi yanaongelea, akapata omu 60, akasema mtandao mzima, kwahiyo lililokufa ni boksi. Hapo ndo nikajua shida imeanzia wapi, maana hiyo 60 ilikuwa ya kweli kabisa, hata mimi niliipata, na mtandao ulikuwa umekufa vilevile. Tutafika huko, twende taratibu.

Kwa ambaye hajui tunaongelea nini: kodi za U ni zile namba za hitilafu zinazoanza na herufi U, mashine ya kupima inazionyesha maboksi yasiposikizana. Na kontroli boksi ni kompyuta ya gari, gari za siku hizi hazina boksi moja, zina maboksi kibao, la injini, la gia, la ABS (breki), la stelingi ya umeme, la eabegi, la dashibodi, na yanaongea kwa waya mbili zilizosokotwa pamoja ambazo ndo tunaita CAN, moja CAN-H na nyingine CAN-L. Bosch wa Ujerumani walianza kazi hiyo 1983 wakaitoa hadharani 1986 kule Detroit, na sababu kubwa ilikuwa nyaya, ukitaka kila boksi liwe na waya wake wa kwenda kwa kila mwenzake gari inageuka fundo la nyaya tupu. Baadaye Marekani wakalazimisha gari mpya kuanzia za mwaka 2008 zipimike kwa CAN kwenye ile soketi ya chini ya stelingi, ndo maana gari nyingi za miaka hiyo kuja huku utazikuta hivyo. Kama gari yako ni ya zamani sana angalia kwanza kama kwenye soketi kuna pini ya 6 na ya 14, kama hazipo huenda inaongea kwa waya mmoja wa pini ya 7 na huu mwongozo sehemu kubwa hautakuhusu.

Namna wanavyoongea ni kama kikao cha ukoo. Hakuna mwenyekiti, kila mmoja anasikia kila kinachosemwa, wawili wakianza kwa pamoja mwenye jambo zito anaendelea na mwenzake ananyamaza kwanza. Wakiwa kimya waya zote mbili zinakaa kwenye volti 2.5. Mtu akiongea H inapanda mpaka kama 3.5 na L inashuka mpaka kama 1.5, tofauti ya hizo mbili ndo neno lenyewe. Shika hapo tu, mengine yote yanatokea hapo.

Vifaa: multimita nzuri kidogo (zile za bei ya chipsi zinadanganya kwenye omu ndogo, omu ndo kipimo cha waya unavyozuia umeme), mashine ya kupima inayosoma maboksi yote na sio la injini peke yake, mchoro wa waya wa gari hiyohiyo, na tochi. Osiloskopu (kifaa kinachochora volti kwenye kioo) ukiwa nayo ni raha, ila kazi nyingi zinaisha bila hiyo.

Hatua ya 1: betri, fyuzi, ethi

Najua unataka kurukia kwenye mtandao ila usiruke. Betri iliyochoka inaleta kodi za U nyingi kuliko kitu chochote ninachokijua, unapiga stata volti zinashuka chini ya 9 maboksi yanazima na kuwaka kila moja kwa wakati wake, na kila moja linamshtaki mwenzake kwamba hajibu. Betri iliyotulia nataka niione 12.4 kwenda juu, injini ikiwaka 13.8 mpaka 14.5 hivi. Kama betri mbovu weka nzima, futa kodi, ndo uanze upya.

Alafu ethi. Zile waya za ethi zinazofungwa kwenye bodi na kwenye injini, fungua, piga msasa, funga. Dakika kumi tu.

Na kama mashine yenyewe haiwaki kabisa ukiichomeka, angalia pini ya 16 ina umeme wa betri na pini ya 4 na 5 zina ethi. Gari nyingi fyuzi ya soketi hiyo inachangia na sigara laita, na sigara laita zetu zinalisha machaja ya simu ya ajabuajabu, fyuzi inaungua na fundi anasema mtandao umekufa wakati ni fyuzi tu.

Hatua ya 2: skani maboksi yote na uandike kwenye karatasi

Kwenye karatasi kweli, sio kichwani. Chora safu mbili, nani anajibu na nani hajibu, na pembeni ya anayejibu andika analalamika kuhusu nani. Watu wengi wanakosea hapa kwasababu wanasoma kodi (sio za TRA lakini) kama hukumu, wakati kodi ya U ni malalamiko. U0100 maana yake kuna mtu anasema "simsikii wa injini", U0101 hamsikii wa gia, U0121 hamsikii wa ABS, U0155 hamsikii wa dashibodi. Anayelalamika ni mzima, angekuwa amekufa asingeweza kuandika kodi! Sasa angalia karatasi yako:

Kama wote wanamlalamikia mmoja na wengine wanaongea vizuri, shida iko kwa huyo mmoja au tawi lake. Nenda kwenye soketi yake upime umeme wa betri, umeme wa swichi na ethi kabla ya kitu kingine, na upime ikiwa na mzigo, yani weka taa ya testa uone inawaka vizuri, maana waya uliobaki uzi mmoja utakuonyesha volti 12 kwenye multimita na ukiupa kazi unakufa.

Kama kundi zima limepotea na kundi jingine lipo, waya umekatika katikati, au gari ina mitandao miwili na mmoja ndo umeanguka.

Kama hakuna anayejibu hata mmoja, waya mkuu umekufa, au geti (boksi linalosimama kati ya soketi na mtandao) halifanyi kazi. Gari ya mama ilikuwa hivi. Dashibodi imejaa taa utadhani ukumbi wa harusi, stata haizunguki, mashine inatafuta mpaka inachoka.

Hatua ya 3: omu

Hapa ondoa kichwa hasi cha betri na subiri dakika chache. Kama hutaki kuondoa betri basi zima kila kitu, funga milango, funguo peleka mbali, usiguse hata boneti, Toyota kwenye vitabu vyao wanataka isubiri dakika moja bila kuguswa. Sababu ni kwamba multimita ikiwa kwenye omu na waya una umeme namba utakayoiona ni uongo mtupu.

Soketi ya kupimia ukiiangalia kwa mbele upande mpana ukiwa juu, safu ya juu ni 1 mpaka 8 kutoka kushoto, ya chini 9 mpaka 16, kwahiyo 14 inakaa chini ya 6. Sita ni CAN-H, kumi na nne ni CAN-L. Usisukumize ncha nene ya multimita ndani ya pini utaipanua, tumia pini nyembamba au waya mwembamba wowote unaoingia bila kulazimisha.

Kila mwisho wa waya mkuu kuna rezista (kidude kinachozuia umeme kwa kiasi) ya omu 120, mara nyingi imejificha ndani ya boksi. Toyota nyingi moja iko kwenye boksi la injini na nyingine kwenye dashibodi. Mbili zikikaa sambamba unapata 60. Toyota wanakubali 54 mpaka 69.

Ukipata 120 hivi, rezista moja imepotea, yani waya umekatika njiani au boksi la mwisho limechomolewa. Hapo sio lazima mtandao ufe, unaweza kuwa unaongea kwa kuugua, unakatakata.

Ukipata karibu 0, H na L zimegusana.

Ukipata 40, kuna mtu kaongeza rezista ya tatu. Hii nimeikuta kwenye gari zilizobadilishwa boksi kwa boksi la gari nyingine inayofanana, ya kwenye mchoro haina rezista ndani na aliyoweka inayo.

Ukikuta haisomi kabisa, waya kati ya soketi na mtandao umekatika. Ila tahadhari, gari zenye geti ukipima kwenye soketi unapima kijiwaya cha kutoka soketi mpaka kwenye geti tu, mtandao wenyewe uko nyuma ya geti hujaugusa. Ndo maana nimesema mchoro. Bila mchoro unapiga ramli.

Hatua ya 4: kila waya kwa bodi, kila waya kwa chanya

Hii ndo hatua aliyoiruka mwenzangu. Ile 60 inakuambia kitu kimoja tu, kwamba rezista zote mbili zinaonekana na H haijagusana na L. Haikuambii chochote kama waya umegusa bodi ya gari! H inaweza kuwa imelala kwenye chuma kabisa na wewe ukipima H kwa L bado unapata 60 safi.

Kwahiyo betri bado iko nje, weka ncha moja ya multimita kwenye pini ya 4 au kwenye chuma cha bodi, nyingine kwenye 6, soma, alafu kwenye 14, soma. Toyota wanataka isiwe chini ya omu 200. Kisha pima 6 na 14 kwa pini ya 16, hapo wanataka kuanzia omu 6,000 kwenda juu.

Gari ya mama: pini ya 6 kwa bodi omu 0.8, pini ya 14 kwa bodi omu 61. Umeona hiyo? Zote mbili zinaonekana zina shoti ila moja tu ndo yenye shoti, nyingine inafika kwenye bodi kwa kupitia rezista za mwenzake. Anayesoma ndogo ndo mgonjwa. Hapo hata sijagusa boksi nimeshajua kwamba CAN-H imegusa chuma mahali fulani, na boksi hata uweke kumi hazitawaka.

Hatua ya 5: volti

Rudisha betri, washa swichi bila kuwasha injini, multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye bodi. Mtandao mzima H inasoma 2.6 mpaka 2.8 hivi na L 2.2 mpaka 2.4, ukizijumlisha inakaribia 5. Multimita ni nzito kufuata maongezi, inakupa wastani tu, usishangae huoni 3.5.

Zote zikisoma sawasawa karibu 2.5 na hakuna boksi linalojibu, ama zimegusana ama hakuna anayeongea. Zote zikiwa karibu na 0, kuna shoti ya bodi. Zikiwa zimepanda karibu na volti za betri kuna waya wa chanya umegusa, na hapo kimbia ukazime swichi. Kwenye gari ya mama H ilikuwa 0 na L karibu 0, maana H inaivuta L chini kupitia zile rezista.

Wenye osiloskopu wekeni chaneli mbili, mnataka kuona H na L kama mtu na kivuli chake kwenye maji, mmoja akipanda mwingine anashuka. Raha yake ni kwenye zile shida za mara inakuwepo mara haipo, unamwambia msaidizi atikise waya huku wewe unaangalia kioo.

Hatua ya 6: kutenga

Sasa unajua ugonjwa, hujui uko wapi. Rudi kwenye omu, betri nje. Acha multimita imefungwa kwenye pini (H kwa bodi kama shida ni hiyo, H kwa L kama zimegusana) na uanze kuchomoa kitu kimoja kimoja huku ukiangalia namba. Boksi ukilichomoa namba ikarudi sawa, boksi hilo au waya wake baada ya soketi ndo mwenye kesi. Kumbuka ukichomoa boksi la mwisho lenye rezista lazima 60 igeuke 120, hiyo sio shida, ni dalili kwamba waya mpaka pale ni mzima, na mimi huwa naitumia makusudi kuhakiki.

Usianze na boksi gumu kufikika. Anza na vitu vilivyoongezwa na watu: alamu, redio ya kichina, kamera, traka (kifaa cha kufuatilia gari iko wapi), kifaa chochote kilichoning'inia kwenye soketi. Alafu soketi za makutano, zile ambazo waya nyingi za CAN zinakutana sehemu moja, mara nyingi pembeni ya miguu au nyuma ya dashi, ukizichomoa unakata mtandao vipande na unajua kipande gani kina ugonjwa.

Nilichomoa ya pembeni ya mguu wa abiria. Upande wa injini shoti ikatoweka, upande unaoelekea nyuma ya droo ya dashi ukabaki na 0.8. Nikatoa droo. Kuna mtu alifunga traka pale, waya zake za umeme alizichukua vizuri tu sina ugomvi naye, ila kile kibati cha kuishikilia alikifunga kwa skrubu ya kujitoboza, na skrubu imepita katikati ya fundo la nyaya ikatoboa waya wa CAN-H ikaingia kwenye chuma. Skrubu moja. Kwa mwezi mzima ilikuwa inagusa na kuachia kwenye barabara mbaya, mama alishazoea kuona taa zinawaka na kuzima, mpaka siku moja ikagusa jumla.

Sehemu nyingine nazozikuta sana: chini ya kapeti upande wa abiria, maji ya mvua yanaingia na soketi inaota kijani, hasa gari iliyowahi kukaa kwenye mafuriko na kuoshwa ikauzwa. Panya, wanapenda nyaya za gari iliyopaki muda mrefu. Kona za mbele kwa gari iliyogongwa na kunyooshwa, na gari iliyochomelewa bodi bila kutoa betri. Soketi ya sensa ya ABS na stelingi. Bawaba za milango kwa gari zenye boksi ndani ya mlango.

Vioo vya madirisha, wipa na vioo vya pembeni mara nyingi haviko kwenye CAN, viko kwenye LIN, waya mmoja tu, umetulia karibu na volti za betri na unashuka ukiongea. Hapo ile 60 usiitafute, haipo.

Hatua ya 7: kuunga

Waya za CAN zimesokotwa ili kelele za umeme za koili na alteneta zinapoingia ziingie sawa kwenye zote mbili na zijifute. Kwahiyo ukiunga rudisha msokoto, sehemu iliyonyooka iwe fupi kadri unavyoweza, viungo viwili visikae mkabala acha nafasi kati yao, choma risasi, vika mpira wa kusinyaa kwa moto, alafu tepu. H na L zibaki na urefu unaokaribiana. Usipitishe waya mpya wa mita mbili juu ya kapeti kwasababu umeshindwa kufuata ule wa zamani, hilo tawi linageuka mwangwi wa ishara na utarudi kuhangaika nalo. Na usiunge kitu chochote kipya kwenye hizo waya mbili kwa kuchubua na kuzungushia, hata kama aliyekuuzia alamu kakuchorea hivyo.

Hatua ya 8: kuhakiki

Pima tena omu, H kwa L, kila moja kwa bodi, kila moja kwa chanya. Rudisha betri, soma volti, skani maboksi yote, futa kodi, endesha barabara mbovu dakika ishirini, skani tena. Gari nyingine baada ya betri kukaa nje zinataka ufundishe tena vioo vya madirisha au sensa ya stelingi, usimrudishie mteja gari ina taa ya ABS akadhani hujamaliza.

Na kuna hili la maboksi ya kununua. Gari ya mama baada ya kutoa skrubu na kuunga waya mtandao ulirudi wote, kila boksi linajibu, na bado haikuwaka! Boksi lililokuwepo lilikuwa la gari nyingine na imobilaiza (ulinzi unaozuia gari kuwaka kwa ufunguo usioujua) haikuutambua ufunguo wake. Nikamuuliza mama lile la mwanzo lilienda wapi, akafungua pochi, kalifunga kwenye kipande cha khanga, alikuwa analibeba kwa fundi mmoja hadi mwingine. Nikalirudisha, akapiga stata mwenyewe, ikawaka mara moja. Yale mawili aliyonunua duka limekataa, wamemwambia spea ya umeme ikishatoka dukani hairudishwi, kwahiyo yako kabatini kwangu hapa, kama kuna mtu anayahitaji yote ni mazima.